Madaraja Niliyoyaona kwa Chini

Nimepita chini ya daraja la kwanza la Istanbul mara kumi na moja, na katika mara saba kati ya hizo sikuliona. Baharia aliyeshika usukani hana ruhusa ya kutazama juu. Anatazama dira, anasikiliza amri ya rubani, yaani mwongozaji wa meli anayezijua njia za hapo, anairudia kwa sauti ili pasitokee kosa, anazungusha usukani, kisha anatamka tena kwamba amri imetekelezwa. Wenzangu walipokuwa sitahani wakipiga picha za kupeleka nyumbani, mimi nilijua kwamba tumelifikia daraja kwa sababu kivuli chake kiliingia ndani ya chumba cha usukani, kikapita juu ya mikono yangu na kutokea upande wa pili. Zile mara nne nilizokuwa nje ya zamu niliinua kichwa nikalitazama mpaka shingo ikauma, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuyahesabu madaraja, ingawa nimezaliwa mahali ambapo hayahitajiki.

Mtoto anayekulia Kigoma hana sababu ya kuyawaza. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kinachofikia mita 1,470, na milima ya Kongo, ambayo asubuhi ya masika tunaiona kana kwamba imesogezwa karibu usiku, haifikiwi ila kwa boti kutoka Kibirizi au kwa meli kutoka bandarini. Meli ya Liemba yenyewe, ambayo ilitengenezwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na reli, ikaungwa upya hapa kwetu na kushushwa majini mwaka 1915, haijawahi kupita chini ya daraja lolote, kwa kuwa katika ziwa zima hakuna la kupita chini yake. Neno daraja tulilijua kwa maana nyingine: daraja la tatu katika treni ya kwenda Dar es Salaam. Kile tulichokivuka tukienda shambani, gogo lililolazwa juu ya kijito, wazee walikiita ulalo, na aliyeanguka kutoka kwenye ulalo alichekwa kabla ya kuokolewa.

Nilipoanza kazi ya baharini niligundua kwamba watu wa nchi kavu na watu wa majini hawaulizi swali moja kuhusu daraja. Anayepita juu huuliza urefu wake. Anayepita chini huuliza kimo, yaani nafasi iliyopo kutoka usawa wa maji yaliyojaa hadi sehemu ya chini kabisa ya daraja, na swali hilo haliishi hapo, kwa sababu vitu viwili vinavyopimwa havitulii. Maji hupwa na kujaa, na wakati wa bamvua tofauti huwa kubwa zaidi. Meli nayo hubadilika: ikiwa imejaa shehena huzama na mlingoti wake hushuka pamoja nayo, na ikipakuliwa huinuka mita kadhaa. Katika bandari moja ya mtoni huko Ulaya tuliingia tukiwa tumesheheni ngano, tukapita chini ya daraja bila wasiwasi wowote, na siku nne baadaye, tukiwa watupu, hatukuweza kutoka. Ilibidi matangi ya chini yajazwe maji ili meli ishuke, antena ya juu kabisa ilazwe, kisha tungoje maji yapwe, saa tano nzima, huku nahodha akitembea huku na huku akiwa na karatasi ya hesabu mkononi. Tulipita. Pale ndipo nilipofahamu kwamba meli inaweza kufungiwa na kitu kisichoigusa.

Hata hesabu ikiwa imekamilika na nafasi ikiwa tele, macho hayaamini. Mtu akisimama sitahani na kutazama mbele, ncha ya mlingoti iko juu sana kuliko daraja lililo mbali, na kila anachokiona kinamwambia kwamba vitagongana. Meli inavyosogea, daraja linapanda polepole angani, kama mtu anayeinua pazia, na dakika ya mwisho kabisa linapita juu. Ni hila ya pembe ya kutazamia tu. Nimesafiri na maserahangi, wakuu wa mabaharia wa sitahani, wenye miaka thelathini baharini, watu wasiotishwa na dhoruba, na wote niliwaona wakiinamisha vichwa kidogo pale kivuli kinapowafikia. Mimi pia niliinama, na sioni aibu kulisema.

Daraja hilo la Istanbul lilifunguliwa tarehe 30 Oktoba 1973. Ni daraja la kuning'inia, lenye minara miwili na mita 1,074 kati yake, na limeinuliwa mita 64 juu ya maji. Tangu mwaka 2016 linaitwa Daraja la Mashahidi wa Julai 15. Umaarufu wake mjini ni kwamba linaunganisha Ulaya na Asia, jambo ambalo wenyeji hulitaja mara nyingi mpaka likachosha, lakini kwa baharia uzito wa mahali pale uko majini. Mlango wa Bosporasi ni mwembamba na una mikunjo mikali, mkondo wa juu hushuka kutoka Bahari Nyeusi, na katikati ya meli kubwa hupita feri za abiria kana kwamba hazina habari na mtu. Baada ya daraja la kwanza linafuata la Fatih Sultan Mehmet la mwaka 1988, kisha, karibu kabisa na Bahari Nyeusi, lile la Yavuz Sultan Selim la mwaka 2016, ambalo minara yake inazidi mita 320 na barabara yake inabeba pia nafasi ya reli. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua la kwanza. La tatu ni kubwa mno. Haliingii jichoni kwa mara moja, na kitu kisichoingia jichoni kwa mara moja ni vigumu kukipenda.

Katika safari yangu ya mwisho ya upande ule tulipita mlango wa bahari wa Dardanelles wakati daraja la Çanakkale lilikuwa bado linajengwa: minara myekundu imesimama pande zote mbili, na kati yake hapana kitu isipokuwa upepo na ndege. Lilifunguliwa tarehe 18 Machi 2022, nikiwa tayari nyumbani, na nafasi iliyopo kati ya minara yake, mita 2,023, ndiyo iliyoipiku ile ya Akashi Kaikyō la Japani iliyokuwa ikiongoza tangu 1998. Wajenzi waliichagua namba hiyo kwa makusudi, kwa kuwa mwaka 2023 Jamhuri ya Uturuki ilitimiza miaka mia moja.

Mfereji wa Suez ndio ulionifundisha kwamba urefu wa daraja mara nyingi ni mtoto wa kimo chake. Karibu na mji wa El Qantara, ambao jina lake lenyewe kwa Kiarabu ni daraja, liko daraja la magari lililofunguliwa mwaka 2001 kwa msaada mkubwa wa Japani. Mfereji pale una upana wa mita mia chache tu, lakini daraja lina urefu wa karibu kilomita 4. Mtu anayelitazama kutoka kwenye gari anaweza kudhani ni ubadhirifu. Sivyo. Meli zinazoruhusiwa kupita mferejini zinaweza kuwa na kimo cha mita 68, kwa hiyo daraja limeinuliwa mita 70, na nchi ile ni tambarare kama sakafu. Ili lori lililobeba mzigo lipande mpaka huko juu bila kukata pumzi, barabara lazima ianze kuinuka mbali sana jangwani. Fanya hesabu mwenyewe: mwinuko wa mita 4 kwa kila mita 100 unadai mita 1,750 upande mmoja, na nyingine kama hizo upande wa pili. Pembeni kidogo, pale El Ferdan, wahandisi walichagua njia nyingine kwa ajili ya reli, kwa sababu treni haiwezi kupanda namna hiyo. Walijenga daraja la chuma la kuzunguka, lenye nafasi ya mita 340, ambalo hukaa limegeuzwa sambamba na kingo ili meli zipite. Lililokuwapo kabla yake liliharibiwa katika vita vya mwaka 1967. Usiku, tukiwa katika msafara wa meli, lile la chuma linaonekana kama mnyama mkubwa aliyelala ubavu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza mambo ya pwani yetu ambayo watu hulalamikia bila kuyachunguza. Pale Likoni, Mombasa, maelfu ya watu huvuka kwa feri kila siku kwenye mkono mwembamba wa maji, na abiria mgeni hujiuliza kwa nini hapajajengwa daraja. Meli zote za bandari ya Kilindini hupita hapohapo. Daraja la kuziruhusu lazima liinuke kama lile la Suez, na miteremko yake itafute mahali pa kukaa katika kisiwa kilichojaa nyumba. Dar es Salaam walilikwepa tatizo hilo kwa busara: feri ya Kigamboni imebaki mlangoni mwa bandari, na Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, likajengwa ndani zaidi, upande wa Kurasini, ambako meli kubwa haziendi. Lilifunguliwa mwaka 2016. Maputo hawakulikwepa. Daraja lao la Katembe la mwaka 2018 liko mlangoni pa bandari, limeinuliwa mita 60, na nafasi kati ya minara yake ni mita 680, namba ileile ya Kigamboni, isipokuwa hapa yote inaning'inia bila nguzo majini. Tulilifikia alfajiri yenye ukungu. Kwenye rada daraja huonekana kama mstari mnene uliokata njia kutoka pwani hadi pwani, na kwa anayeliona kwa mara ya kwanza ni ukuta, si daraja. Kijana mmoja tuliyekuwa naye zamu aliuliza kwa sauti ya chini kama kweli tumekosea mlango.

Panama nilipita mara moja tu, kwa hiyo sitajifanya mwenyeji. Daraja la Amerika, lililofunguliwa 1962, lina mita 61.3 wakati maji yamejaa, na meli kwa kawaida hazitakiwi kuzidi mita 57.91. Upande ule wa Pasifiki maji hupanda na kushuka kwa kiasi kinachowashangaza hata sisi tuliozoea bamvua la Bahari ya Hindi, na kuna meli zenye kimo kikubwa ambazo huombewa kibali zipite wakati wa maji kupwa. Mvua ilinyesha njia nzima.

Kimo kikitosha, bado kuna nguzo. Tarehe 26 Machi 2024 niliamka nikakuta simu imejaa ujumbe kutoka kwa mabaharia wenzangu, wote wakinitumia picha moja: meli ya makontena iitwayo Dali, yenye urefu wa mita 300, imezimika umeme usiku ikitoka bandari ya Baltimore nchini Marekani, ikaigonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, na sehemu kubwa ya daraja ikaanguka kwa sekunde chache. Askari walikuwa wameshapata taarifa ya hatari kutoka melini, wakazuia magari, lakini mafundi wanane waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara walikuwa bado juu. Sita walikufa. Niliitazama video hiyo mara moja, kisha nikashindwa kuirudia. Waliokuwa wakiiangalia pamoja nami hapa Mwanga, Kigoma, waliona daraja linaanguka. Mimi niliona taa za meli zinazimika, zinawaka, zinazimika tena, na nikajua mikono ya mshika usukani yule ilikuwa na hali gani, maana meli isiyo na umeme haisikii usukani, na tani laki moja haziwezi kusimama kwa kuombwa.

Daraja nililolibeba moyoni kuliko yote si refu wala si maarufu. Ni la Matadi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama kilomita 150 kutoka baharini. Lilikamilika mwaka 1983, likijengwa na Wajapani; lina urefu wa mita 722, nafasi ya kati ni mita 520, na lilikusudiwa kubeba barabara na reli, ingawa reli yenyewe haikujengwa. Matadi kwa Kikongo maana yake ni mawe, na jina limekaa mahali pake. Ndio mwisho wa safari kwa meli za baharini, kwa kuwa juu zaidi mto unashuka kwa maporomoko. Karibu na mji mto unapinda ghafla na maji yanazunguka kwa nguvu mahali panapoitwa kwa Kifaransa chungu cha jehanamu, na rubani wetu, mzee mmoja mkimya mwenye kofia ya sufu katika joto lile, alitoa amri kwa kunong'ona hivi kwamba niliogopa kuzisikia vibaya. Kongo humwaga baharini kama mita za ujazo 41,000 kwa sekunde moja. Meli ilitetemeka kama inayopanda kilima. Kisha likatokea daraja, jekundu, jembamba, limetundikwa kati ya vilima viwili, na hapakuwa na daraja lingine la kuuvuka mto huo mkuu kutoka hapo hadi mbali sana ndani ya nchi. Hata Kinshasa na Brazzaville, miji mikuu miwili inayotazamana, huvukiana kwa boti.

Siku ya pili, tukiwa gatini, nilikuwa nikizungumza na mpishi wetu, mtu wa Mombasa, karani mmoja wa shehena akageuka aliposikia Kiswahili, maana upande ule wao ni Kikongo na Kilingala. Alikuwa mtu wa Kalemie. Nilipomwambia mimi natoka Kigoma, ng'ambo yao kabisa, alinishika mkono akanivuta mpaka ukingoni, akaonyesha kidole majini, akasema, "Hii mayi inatoka kwetu, ndugu." Nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu lilikuwa jambo nililofundishwa shuleni na sikuwahi kuliamini kwa macho. Ziwa Tanganyika lina tokeo moja tu, mto Lukuga, unaoanzia Kalemie kwao. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyepitia Ujiji, alilifikia tokeo hilo mwaka 1874. Lukuga unaingia Lualaba, na Lualaba ndio unaokuja kuitwa Kongo. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji yanayolipotea ziwa huondoka kwa mvuke wa jua, na yanayotoka kwa Lukuga ni machache ukiyalinganisha na wingi ule wa Matadi, lakini hesabu hiyo sikumwambia. Tulisimama pale tukitazama maji ya kahawia yanavyopita chini ya lile daraja, watu wawili wa ziwa moja, kila mmoja akiwa mbali na kwao kwa njia yake. Jioni alinitumia kwa kijana wake samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye jani la mgomba, na mpishi wetu akasema wamezidi chumvi, jambo lililokuwa kweli.

Tangu niliporudi nimevuka madaraja ya nyumbani kama abiria wa kawaida. Lile la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 juu ya Ziwa Victoria, nililivuka nikienda Mwanza, karibu kilomita 3 kwa dakika chache, mahali ambapo miaka ya nyuma tulikuwa tukikaa foleni ya pantoni mpaka tukafahamiana na wauza mahindi ya kuchoma. Nimelifurahia, ingawa nalidai kitu kimoja: siku moja nitakodi boti nilipite kwa chini, ndipo nitakapojua ni daraja la namna gani.

Kwenye mto Malagarasi nilipata bahati hiyo nusu. Basi letu la kutoka Tabora lilipata pancha karibu na Daraja la Kikwete, ambalo pamoja na vipande vyake vidogo lina mita 275 na lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Konda aliniambia, "Mzee, usiende mbali, sasa hivi tunaondoka," nami nikamjibu kwamba naenda ukingoni tu. Nilishuka mpaka kwenye matete. Maji ya Malagarasi yanakwenda ziwani upande wa Ilagala, kwa hiyo nilijua kwamba mengine yake yatapitia Lukuga mpaka Matadi, na kwa mazoea nikaanza kukadiria kimo. Mvuvi mmoja alikuwa akija na mtumbwi, amesimama nyuma, anasukuma kwa upondo mrefu, macho yake yakiwa juu. Alipofika chini ya daraja aliulaza upondo ndani ya mtumbwi na kuinamisha kichwa, ingawa juu yake palikuwa na nafasi ya kupitisha mnazi.